Mchanga wa Marudio

Kuna maneno nimeyasikia Mwanza, nikayasikia Dar es Salaam, na sasa yamenifuata mpaka Rwamgasa. Yanasema hivi: mtu akiimaliza Super Mario Bros. kwenye mashine za siku hizi, akitumia ule ujanja wa kurudisha mchezo nyuma kila anapotumbukia shimoni, huyo hajamaliza. Amechakachua. Kumaliza gemu ya zamani, wanasema, ni kuimaliza kama ilivyotoka kiwandani: maisha matatu, hakuna kusevu, ukifa umekufa, rudi mwanzo. Wanaoyasema ni watu wazima, wana kazi na watoto, na wanayasema kwa uchungu wa mtu aliyemwona mwenzake akiingia msikitini na viatu.

Nimewasikiliza vya kutosha. Naomba na mimi nisikilizwe.

Kwa asiyejua kinachogombaniwa: ziko gemu ambazo sisi tuliziita za kuruka. Mtu mdogo anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga vichwa vya maadui, na mwisho wa safari kuna ngome, na ndani ya ngome kuna jitu. Super Mario Bros. ya 1985 ndiyo mama yao. Contra ni ile ya wanaume wawili vifua wazi na bunduki. Adventure Island ni ya yule jamaa wa kofia na sketi ya majani anayerusha mashoka ya mawe. Baadaye zikaja Sonic na The Lion King. Gemu za namna hii sasa zinauzwa upya kwenye Switch, PlayStation na Xbox, na watu wa rika langu, ambao nywele zimeanza kuaga, wanazinunua na kuzimaliza moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 Nintendo walitoa kimashine chenye gemu 30 za zamani, na kila gemu ikapewa nafasi nne za kusevu popote ulipofika. Julai 2019 wakaongeza kwenye Switch uwezo wa kurudisha nyuma: unashika vitufe viwili vya juu ya pedi kwa pamoja, unakiona kifo chako kikienda kinyumenyume mpaka pale ulipokuwa bado salama, unaachia, unaendelea. Kitu hicho ndicho kinachowatoa watu mapovu.

Rwamgasa niliyokulia haikuwa na umeme wa gridi. Ilikuwa na jenereta. Banda la gemu lilikuwa turubai juu ya nguzo za miti, benchi mbili, runinga ya nchi 14 na mashine ya Kichina iliyoiga Famicom, ile ambayo Nintendo waliianzisha Japani mwaka 1983. Mchana gemu, usiku banda hilohilo linageuka kibanda umiza, Lufufu anatafsiri filamu na wachimbaji wanacheka mpaka benchi inaanguka. Bei ya gemu ilikuwa shilingi 50. Hamsini ilinunua maisha matatu au dakika kumi, kinachotangulia kuisha. Mwenye banda alikuwa na saa ya mezani, na saa hiyo, nadhani, ndiyo iliyokuwa na mbio kuliko saa zote za mkoa wa Mwanza, maana wakati ule Geita ilikuwa bado wilaya ndani ya Mwanza.

Hela tuliipata kwa kuuza maji ya ndoo kwenye mialo, au kwa kutumwa sigara na wachimbaji waliotoka duarani. Hamsini uliitafuta tangu asubuhi. Uliingia nayo bandani umeifumbata kiganjani mpaka imepata joto, ukasubiri zamu yako nyuma ya wakubwa waliokuwa wakiuza zamu za wadogo, ukashika pedi, na sekunde ya arobaini ukatumbukia. Ukatumbukia tena. La tatu likakuua kasa. Basi, toka, mpishe mwenzio.

Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu akifika dunia ya nane. Kucheza tulijua. Kulikuwa na mchimbaji mmoja wa kutoka Kahama aliyeyajua mabomba ya siri ya steji ya pili, yale yanayokurusha moja kwa moja mpaka dunia ya nne, na siku moja alifika ya sita na watu wakajaa mpaka nje ya turubai. Jenereta likaishiwa mafuta. Kelele zilizopigwa siku ile ni kama za goli lililokataliwa. Dunia ya nane tuliisikia kama tulivyoisikia Ulaya: wapo waliokuwa na jamaa zao huko.

Sasa mtu ananiambia niicheze kama ilivyotoka. Kama ilivyotoka wapi? Kaseti ya banda letu ilikuwa na karatasi ya rangi ubavuni inayosema ina michezo 9999999. Tuliihesabu, ilikuwa kama kumi na tano. Iliyobaki ni ileile imepewa majina mengine: Mario wa kuanzia dunia ya kwanza, Mario wa kuanzia dunia ya tano, Mario anayeruka mpaka anapotea juu ya kioo, Contra yenye maisha mengi kuliko ya paka. Walioitengeneza kaseti hiyo walikuwa wameshachakachua kila kitu kabla haijapanda meli. Hakuna mtoto wa Rwamgasa aliyewahi kuigusa hiyo gemu halisi mnayoilinda. Sisi tulianzia kwenye nakala ya nakala, tukaipenda hivyohivyo, na hakuna aliyekuja kutuambia kwamba mapenzi yetu ni batili.

Ninaye rafiki aliyekulia Upanga. Yeye ndiye mkali kuliko wote katika jambo hili. Nyumbani kwao mashine ilikuwa sebuleni, chini ya runinga, na siku za likizo alicheza kuanzia chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku. Alikufa mara mia tano kwa siku na kila kifo kilikuwa bure. Alijifunza wapi pa kuruka kwa sababu aliruhusiwa kukosea bila kutozwa. Anajivunia kwamba aliimaliza Mario akiwa darasa la sita, kwa haki, bila msaada wowote. Bwana, msaada ulikuwa nao. Kitufe cha kurudisha nyuma kilikuwa kwenu sebuleni miaka yote hiyo. Kiliitwa baba, na ndiye aliyekuwa analipa umeme.

Lakini tuache umaskini na utajiri, maana najua nitaambiwa nalialia. Tuuchukue huo ugumu wenyewe, ugumu mnaouheshimu, tuuangalie ulitoka wapi.

Gemu hizi zilizaliwa kutoka kwenye mashine za sarafu za Japani na Marekani, zile za kusimama, zilizowekwa kwenye baa na kumbi. Mashine ya sarafu ina hesabu moja tu: mtu akikaa muda mrefu kwa sarafu moja, mwenye mashine amepata hasara. Kwa hiyo anatakiwa afe, lakini afe karibu na mafanikio, ili aingize nyingine. Mwenye banda wetu na saa yake ya mbio hakuwa amebuni kitu. Chukua Ghosts 'n Goblins ya Capcom, ya mwaka huohuo wa 1985. Shujaa ana kinga moja: akiguswa anabaki na chupi, akiguswa tena anabaki mifupa. Ukivumilia yote hayo ukafika mwisho ukamshinda shetani, gemu inakuambia kwamba yote uliyoyapitia yalikuwa mtego tu, urudi mwanzo ukayapitie tena upya ndipo uone mwisho wa kweli. Kuna watu wanaiita hiyo sanaa. Mimi nimekulia kwenye machimbo, na mtu akikuahidi malipo mwisho wa kazi, kisha kazi ikiisha akakuambia urudi duarani uianze upya, tuna jina lake, na silo msanii.

Zilipohamia majumbani, sarafu iliondoka lakini hesabu ikabaki. Marekani watu walikodisha gemu kwenye maduka ya video kwa siku mbili tatu. Japani sheria haikuruhusu. Mtoto wa Marekani akiimaliza gemu Jumapili usiku, Jumatatu haendi kuinunua. Nintendo waliwachukia wakodishaji kiasi kwamba mwaka 1989 waliwashitaki Blockbuster kwa kurudufu vile vijitabu vya maelekezo. Wengine walitumia njia fupi zaidi: kuongeza ugumu. Contra: Hard Corps ya 1994 kule Japani ilimpa mchezaji nafasi ya kuguswa mara tatu kabla ya kufa, na kuendelea bila kikomo. Ileile ilipopelekwa Marekani, risasi moja inakuua na kuendelea kuna hesabu. Gemu moja, mwaka mmoja, ugumu wa aina mbili. Basi niambieni ipi kati ya hizo mbili ndiyo ilivyotoka.

Na The Lion King, ya Westwood Studios, nayo ya 1994. Hii inatuhusu zaidi, maana shujaa wake anaitwa Simba, mshauri wake anaitwa Rafiki, na ngiri wake anaitwa Pumbaa. (Disney waliomba mwaka huohuo alama ya biashara ya maneno hakuna matata kwa ajili ya kuuzia nguo, wakaja kuipata 2003; mwishoni mwa 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la kuwataka waiachie. Sisi wenyewe husema hamna shida, hayo ya matata tunawaachia watalii, lakini kuachia na kuandikishiwa hati ni mambo mawili.) Steji ya pili ya gemu hiyo inamtaka mtoto Simba arukie vichwa vya twiga, apande mbuni, na arushwerushwe na nyani kwa mpangilio ambao hakuna mtu anayeweza kuukisia mara ya kwanza. Dunia nzima watoto walikwamia pale. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikwisha kueleza hadharani kwa nini: Disney hawakutaka mtu aliyekodisha afike mbali ndani ya siku za kukodi. Nyani wale ni walinzi wa duka.

Gemu hiyo ilitoka tena Oktoba 2019 kwa mashine za kisasa, na safari hii ina kurudisha nyuma, na ina hata sehemu ya kuiangalia ikijicheza yenyewe mpaka pale unapotaka kuingia ukaendelea wewe. Niliipata diski yake kuukuu pale Mwanza. Kwa nyani wale nilirudisha nyuma mpaka nikaacha kuhesabu. Nikapita. Sijaona nilichomwibia mtu.

Mnasema kwamba walioziunda walizitaka zichezwe bila msaada. Walioziunda wenyewe hawakucheza bila msaada. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki Februari 2020, alipewa kazi ya kuihamishia Gradius kwenye Famicom, ikatoka 1986. Ilikuwa ngumu mno hata kwake yeye, na ilibidi aicheze ili kuikagua. Akajiwekea ujanja: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo unapewa silaha zote. Ujanja huo ukasahaulika ndani ya gemu, ukauzwa nayo, na Contra ya 1988 ikaurithi ili kutoa maisha thelathini. Super Mario Bros. nayo ina mlango wake wa nyuma: baada ya kufa kabisa, ukishika A huku ukibonyeza kitufe cha kuanza, unarudi kwenye dunia uliyofia badala ya ile ya kwanza. Imo ndani ya gemu halisi, gemu takatifu, tangu 1985. Aliyekuwa na majarida ya gemu aliweza kuijua. Bandani kwetu haikufika. Kama ingefika, mwenye banda angeing'oa hiyo A kwenye pedi kwa koleo.

Kwa hiyo msaada ulikuwepo siku zote. Tofauti ni nani aliambiwa.

Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, ananizidi miaka minne. Bandani ndiye aliyenishikia nafasi kwenye benchi, na mara nyingi hamsini yetu ilikuwa moja: yeye maisha mawili, mimi moja. Alikuwa na mkono mwepesi ambao sijauona tena. Darasa la saba lilipoisha akaenda mwaloni, akawa mchomaji. Mchomaji ni yule anayechukua dhahabu iliyokamatwa na zebaki, anaiweka kwenye kibati juu ya moto, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Wataalamu wa UNIDO na wa kutoka Uingereza walikuja Rwamgasa miaka ya mwanzo ya 2000, wakachukua nywele na mikojo ya watu wakaenda kupima. Wakubwa waliambiwa wachomee kwenye chombo kilichofunikwa. Wengine walifunika. Kaka yangu alichoma kwenye kibati kwa miaka kumi na moja.

Mikono yake inatetemeka. Kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili, na akikutumia ujumbe kwenye simu herufi zinajirudia.

Mwaka juzi alikuja kwangu Geita mjini kwa ajili ya kliniki, akalala siku tano. Usiku wa kwanza akaiona Mario kwenye kioo, akacheka, akaomba pedi. Steji ya kwanza ilimshinda. Siyo kwamba amesahau. Alikuwa ananiambia kabla, hapa kuna tofali lenye uyoga, pale kuna bomba linaloshuka, yote anayakumbuka. Kidole kinabonyeza mara mbili pale anapotaka mara moja. Mario anaruka kabla ya shimo. Nikamwonyesha vitufe viwili vya kurudisha nyuma. Akavijaribu, akaona mtu wake anatoka shimoni kinyumenyume, akanitazama.

"Dogo, hii ilikuwa wapi siku zote?"

Tuliigawana kama zamani, ila sasa tulikuwa hatugawani maisha, tulikuwa tunagawana usiku. Ngome ya mwisho ya dunia ya nane ni mzunguko: ukiingia bomba lisilo lake inakurudisha ulipotoka, na haikuambii kitu, unaweza ukatembea humo mpaka muda uishe ukidhani unasonga mbele. Kwa shilingi 50 kila safari, sijui nani angeijua njia. Usiku wa nne saa nane na kitu akaruka juu ya lile jitu, akagusa shoka, daraja likakatika. Akatokea mwanamke, binti mfalme, kama alivyokuwa akisema mtoto mmoja wa Mwanza ambaye sisi tulimwita mwongo. Kaka akaiweka pedi chini polepole, asiiangushe. Akauliza yule mtoto wa Mwanza siku hizi yuko wapi.

Njooni basi mumwambie huyu kwamba hajamaliza. Njooni na kanuni zenu za maisha matatu, mkae mbele yake, mumweleze kuhusu ufundi wa mkono.

Sisemi kwamba hakuna kinachopotea. Kinapotea, na nitawapa haki yenu. Ukijua kwamba unaweza kurudi nyuma, shimo halitishi tena, na shimo lisilotisha ni weusi tu chini ya kioo. Kuna kubana pumzi fulani kwenye maisha ya mwisho, jasho la kiganja, kimya cha benchi nzima nyuma yako, ambacho sikukipata hata mara moja usiku ule Geita. Na wapo watu wanaozicheza gemu hizi bila kurudisha chochote. Wanaoimaliza Super Mario Bros. kwa kukimbizana na saa wameshuka chini ya dakika tano kwa kupitia mabomba ya siri, na mimi nikiwaangalia navua kofia. Huo ni ufundi. Mkimbiaji naye ni fundi, lakini hakuna mkimbiaji aliyesimama barabarani kuwaambia wanaokwenda sokoni kwa daladala kwamba hawajafika sokoni.

Ninachowalaumu hasa ni pale mlipoamua kuelekeza hasira. Hapa inabidi nieleze neno.

Kwa mtu wa Dar es Salaam marudio ni mechi ya jana inayoonyeshwa tena leo mchana. Kwa mtu wa Rwamgasa marudio ni mchanga. Mawe yakitoka duarani yanakwenda karasha, yanasagwa, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakamata dhahabu inayoweza kuikamata, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya iliyomo. Mchanga unaobaki ndio marudio. Mchimbaji anaondoka na kipande chake. Mchanga kwa kawaida unabaki kwa mwenye karasha na mwalo, ndiyo desturi, na wengi huwa wamechoka mno hata kuuliza. Unarundikwa. Baadaye unatiwa kwenye matangi, unamwagiwa sayanaidi, kisha unakwenda elusheni, na dhahabu inatoka tena, mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana ukiingia Rwamgasa unaona vilima vya mchanga ambavyo mgeni anadhani ni uchafu, na vina mlinzi.

Gemu za zamani ni marudio. Ukweli huu wenye mali waliujua mapema. Mario yuleyule wa 1985 ameuzwa kwenye karibu kila mashine ambayo Nintendo wameitoa tangu hapo, na kila mara kuna dhahabu iliyokuwa imebaki. Wanajua pia kufunga geti. Super Mario 3D All-Stars, mkusanyiko wa gemu tatu za kale za Mario, ilitoka Septemba 2020 na tarehe 31 Machi 2021 ikaondolewa kuuzwa, kwa mpango waliokuwa wameutangaza tangu mwanzo. Machi 2023 wakafunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, na gemu ambazo zilikuwa humo tu zikabaki kwa wale waliokuwa wamezinunua. Miezi michache baadaye taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti kuonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kabla ya 2010 zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia halali. Maktaba zikaomba ruhusa ya kuwaonyesha watafiti gemu hizo kwa mbali, kupitia mtandao. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa.

Na sisi? Huduma ya PlayStation ina orodha ya nchi inazozitambua, na Tanzania haimo. Jambo hilo lilijulikana dunia nzima Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, ikaonekana nchi zaidi ya 170 haziwezi kuifungua. Vijana wengi wa gemu ninaowafahamu Geita, kwa mujibu wa mashine zao, ni wakazi wa Marekani au Afrika Kusini. Wanalipa kwa hela halali kwa anwani ya uongo.

Hilo halijawahi kumkera rafiki yangu wa Upanga. Nimewahi kumtajia tarehe 31 Machi 2021, akasema biashara ni biashara. Nikamtajia kitufe cha kurudisha nyuma, akasimama. Mnagombana na mtu mwenye karai anayepepeta mchanga uliokwishaoshwa, mnamwambia dhahabu yake ni ya haramu kwa sababu hakushuka duarani mwenyewe, na nyuma yenu gari la mwenye elusheni linapita limejaa.

Kama mna nguvu za kulinda kitu, lindeni zile kaseti. Za Kichina, za rangi ya njano na bluu, zenye majina ya uongo. Mario anayepotea juu ya kioo hayumo kwenye duka la mtandao lolote la kampuni, wala hatawekwa, kwa sababu hakuna kampuni inayokubali kwamba aliwahi kuwepo. Ndiye Mario wetu. Nimeulizia za bandani kwetu; mwenye banda alishafariki, mashine iliuzwa vipuri, na kaseti watoto wake waliwapa watoto wao wachezee mchanga. Kariakoo bado nimeona mbili tatu kwenye boksi, zinauzwa pamoja na rimoti kuukuu.

Kaka amesharudi Rwamgasa. Siku hizi anauza vocha, na akija kliniki kila baada ya miezi mitatu anafikia kwangu. Mara ya mwisho tulianza Ghosts 'n Goblins, ambayo nayo sasa ina kurudisha nyuma ndani ya mkusanyiko wa Capcom wa 2021. Alimshinda yule shetani Alhamisi, akaambiwa arudi mwanzo. Alisoma maandishi yale mara mbili, nikamtafsiria. Akauliza kama mwenye gemu hii anafahamiana na wenye karasha. Kisha akashika pedi kwa viganja viwili, kama kikombe, akaanza upya; kabla ya kupanda basi alikuwa amefika steji ya tatu ya raundi ya pili.